Stephen Keshi: Kutoka Kitambaa cha Nahodha hadi Benchi la Ufundi

Stephen Okechukwu Keshi ni mmoja wa watu wawili tu waliotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika wakiwa wachezaji, kisha wakalitwaa tena wakiwa makocha. Wa kwanza ni Mahmoud El-Gohary wa Misri, bingwa wa 1959 akiwa mshambuliaji na bingwa wa 1998 akiwa kocha mkuu. Keshi alilishika kombe hilo mjini Tunis mwaka 1994 akiwa nahodha wa Nigeria, na akalipata tena Johannesburg mwaka 2013 akiwa kocha wa timu hiyohiyo. Miaka 19 iliyo kati ya vikombe hivyo viwili inaeleza mengi kuhusu kazi ya ukocha barani Afrika, hasa hali ya yule anayeitwa kocha mzawa, ambaye kwa muda mrefu alikabidhiwa timu wakati wa shida na kunyang'anywa ilipokaribia kuvuna.

Keshi alizaliwa tarehe 23 Januari 1962 katika mji wa Azare, jimbo la Bauchi, kaskazini mwa Nigeria. Familia yake ilikuwa ya Waigbo wenye asili ya Illah, mji ulio kando ya Mto Niger katika jimbo ambalo leo linaitwa Delta. Alikulia Lagos, akasoma katika shule ya sekondari ya Saint Finbarr's iliyoko Akoka. Shule hiyo, iliyoanzishwa na padri Denis Slattery kutoka Ireland, ilisifika kwa nidhamu ya darasani na kwa kandanda kwa kiwango kilekile, na ndiko alikotoka pia Henry Nwosu, kiungo aliyeichezea Nigeria ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1980.

Wakati huo soka la Nigeria lilibebwa kwa sehemu kubwa na timu za mabenki, mashirika na serikali za majimbo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mfumo huo, kwa kuwa timu za reli, bandari, posta na viwanda zilifanya kazi hiyohiyo Tanzania na Kenya: zilimpa kijana ajira, mshahara na jezi kwa pamoja. Keshi alianzia ACB ya Lagos, timu ya benki ya African Continental, mwaka 1979, kisha akahamia New Nigeria Bank ya Benin City. Akiwa huko, klabu hiyo ilitwaa Kombe la Afrika Magharibi mara mbili mfululizo, 1983 na 1984. Timu ya taifa ilimwita mwaka 1981, akiwa bado hajatimiza miaka 20.

Alikuwa beki wa kati mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa. Hakutegemea mbio. Alitegemea kusoma mchezo mapema, kupanga wenzake na kuruka juu kuliko washambuliaji, na kila mpira wa kona ulipopigwa alipanda mbele kutafuta bao. Uongozi ulimjia bila kuombwa, na jina la utani la "Big Boss", yaani bosi mkubwa, lilimganda mpaka kufa kwake. Kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1984 nchini Ivory Coast alikuwa nguzo ya timu changa iliyofundishwa na Adegboye Onigbinde, Mnigeria. Timu hiyo ilifika fainali, ikatangulia kwa bao la Muda Lawal, kisha ikachapwa 3-1 na Cameroon. Inafaa kukumbukwa kwamba fainali ya kwanza ya Keshi aliicheza chini ya kocha mzawa.

Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu. Keshi na wenzake kadhaa walichelewa kuripoti kambi ya timu ya taifa kwa sababu klabu yao ilikuwa ikijiandaa kwa mechi zake, na chama cha soka cha Nigeria kikawafungia. Kwa mchezaji wa miaka 23 aliyekuwa katika kilele cha ukuaji wake, adhabu hiyo ingeweza kuwa mwisho wa safari. Keshi aliivuka mipaka. Alikwenda Abidjan, akacheza Stade d'Abidjan kisha Africa Sports, na kutoka hapo akapata njia ya Ubelgiji: Lokeren mwaka 1986, na mwaka uliofuata Anderlecht ya Brussels, klabu kubwa kuliko zote nchini humo.

Kwa mchezaji wa Nigeria wa miaka ya 1980, Ulaya ilikuwa mbali. Wachache walikuwa wametangulia, lakini hapakuwa na njia iliyozoeleka wala mawakala waliojazana viwanjani Lagos kama ilivyo leo. Keshi aliionyesha njia kwa kuipita. Alikaa Anderlecht misimu minne, akatwaa Kombe la Ubelgiji mara mbili, 1988 na 1989, na ubingwa wa ligi mwaka 1991. Tarehe 9 Mei 1990 mjini Gothenburg, Sweden, alianza kwenye fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya dhidi ya Sampdoria ya Italia, pamoja na Charly Musonda wa Zambia. Dakika 90 zilikwisha bila bao, na Gianluca Vialli akafunga mawili katika muda wa nyongeza. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Nigeria walianza kumiminika Ubelgiji: Victor Ikpeba na Sunday Oliseh walichukuliwa na RFC Liège, Daniel Amokachi na Club Brugge. Wote watatu walikuja kuwa nguzo za timu ya taifa, na wote walimkuta mkubwa wao tayari anafahamika na kuheshimika katika nchi ile ngeni.

Keshi aliondoka Anderlecht mwaka 1991 kwenda Strasbourg ya Ufaransa, ambayo ilipanda daraja mwaka uliofuata, kisha akarudi Ubelgiji kuichezea RWD Molenbeek. Alimalizia Marekani na Malaysia, na huko Marekani ndiko alikosomea ukocha.

Katika timu ya taifa, bahati ilimkwepa muda mrefu. Machi 1988, mjini Casablanca, Nigeria ilirudi fainali na kupoteza tena mbele ya Cameroon, safari hii kwa penalti ya Emmanuel Kundé, baada ya Nwosu kutikisa nyavu mapema na bao lake kukataliwa. Mwaka 1989 chama cha soka kikamwajiri Clemens Westerhof, Mholanzi, aliyepewa jambo ambalo makocha wazawa waliomtangulia hawakuwahi kupewa: muda. Alikaa miaka mitano. Katika miaka hiyo Keshi alikuwa kiungo kati ya kocha mgeni na kundi la vijana waliotapakaa klabu za Ulaya. Vijana hao walimsikiliza kama kaka mkubwa wa familia, na yeye ndiye aliyezungumza na viongozi kwa niaba yao pale posho zilipochelewa. Tarehe 8 Oktoba 1993, mjini Algiers, sare ya 1-1 dhidi ya Algeria iliipa Nigeria tiketi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia.

Mwaka 1994 ulimpa Keshi vyote viwili, shangwe na funzo. Kwenye fainali za Afrika nchini Tunisia alikuwa na umri wa miaka 32, magoti yamechoka, na Westerhof akawapanga mabeki vijana. Tarehe 10 Aprili Nigeria ilikutana fainali na Zambia, timu iliyoundwa upya baada ya ajali ya ndege ya Gabon iliyowaua karibu kikosi kizima mwaka mmoja kabla. Zambia ilitangulia kwa bao la Elijah Litana, lakini Emmanuel Amuneke alisawazisha dakika chache baadaye na kuongeza la pili mara tu baada ya mapumziko. Keshi hakuingia uwanjani siku ile. Hata hivyo alibaki kuwa nahodha wa kikosi, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kombe. Miezi miwili baadaye, kwenye Kombe la Dunia nchini Marekani, alianza mechi moja tu, ile ya ushindi wa 2-0 dhidi ya Ugiriki. Huo ndio ulikuwa mwisho wake na jezi ya kijani, baada ya takriban mechi 60.

Kazi ya ukocha aliianza chini kabisa. Alipewa timu ya vijana wa chini ya miaka 20, kisha akawa msaidizi wa Shaibu Amodu katika timu ya wakubwa. Yaliyompata Amodu yanahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo yaliyomfundisha Keshi desturi ya kazi aliyoichagua. Amodu aliichukua Nigeria katikati ya mchujo wa Kombe la Dunia la 2002 ikiwa hatarini kukosa nafasi, na akaifikisha. Mapema mwaka 2002 timu ilishika nafasi ya 3 kwenye fainali za Afrika nchini Mali. Benchi lote la ufundi likatimuliwa, Keshi akiwemo, na timu ikaenda Japan na Korea na watu wengine. Miaka minane baadaye Amodu huyohuyo aliifikisha tena Nigeria kwenye Kombe la Dunia, na akaondolewa tena kabla ya mashindano, nafasi yake ikachukuliwa na Lars Lagerbäck wa Sweden. Mara mbili alipanda, mara mbili wengine wakavuna.

Nafasi ya kwanza ya Keshi ya kuwa kocha mkuu wa taifa ilitoka nchi nyingine. Mwaka 2004 Togo, nchi ndogo ambayo haikuwahi kukaribia Kombe la Dunia, ilimkabidhi timu. Kundi lake la mchujo lilikuwa na Senegal, iliyofika robo fainali ya dunia miaka miwili kabla, pamoja na Zambia, Mali, Congo Brazzaville na Liberia. Togo ilifungwa mechi ya kwanza ugenini Zambia. Baada ya hapo ikawa ukuta. Iliichapa Senegal 3-1 mjini Lomé na kutoka nayo sare ya 2-2 Dakar. Keshi alimjenga kijana mrefu aitwaye Emmanuel Adebayor awe ncha ya mkuki, na Adebayor akafunga mabao 11 katika mchujo huo. Tarehe 8 Oktoba 2005, miaka 12 kamili tangu siku ile ya Algiers, Togo ilishinda 3-2 Brazzaville ikitokea nyuma, na ikafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kilichofuata kilikuwa mwangwi wa yaliyompata Amodu. Januari 2006 Togo ilikwenda kwenye fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri huku kocha na Adebayor wakiwa hawaelewani. Ilipoteza mechi zote tatu za kundi, mbele ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Cameroon na Angola. Mwezi Februari Keshi akaondolewa, na Otto Pfister wa Ujerumani akaipeleka timu kwenye Kombe la Dunia nchini kwake. Huko pia Togo ilipoteza mechi zote tatu, katikati ya mgogoro wa bonasi uliomfanya hata kocha mpya aondoke na kurudi ndani ya siku chache. Lawama ya Misri ilikuwa na sehemu ya haki, kwani ugomvi na mshambuliaji wake mkuu ulikuwa wa Keshi kuutatua, naye hakuutatua. Lakini kumnyima mtu Kombe la Dunia alilolipata mwenyewe, miezi minne baada ya kufuzu, lilikuwa jambo ambalo viongozi wa soka wa Afrika wasingethubutu kumfanyia kocha wa Kizungu. Katika timu tano za Afrika zilizocheza Ujerumani mwaka huo, moja tu, Angola, iliongozwa na kocha mzawa.

Keshi alirudi Togo kwa vipindi vifupi baadaye, na kati ya vipindi hivyo akaifundisha Mali kuanzia 2008. Mali ilikuwa na Seydou Keita wa Barcelona na Frédéric Kanouté wa Sevilla, majina makubwa kuliko yote aliyowahi kufundisha kufikia hapo. Tarehe 10 Januari 2010 mjini Luanda iliwakabili wenyeji Angola katika mechi ya ufunguzi wa fainali za Afrika. Siku mbili kabla, basi la Togo, timu aliyoijenga Keshi mwenyewe, lilishambuliwa kwa risasi Cabinda na watu wa msafara wakauawa. Mashindano yalifunguliwa katika hali hiyo nzito. Ilipofika dakika ya 78, Angola ilikuwa mbele 4-0. Keita akafunga la kwanza dakika ya 79. Kanouté akaongeza la pili dakika mbili kabla ya dakika 90 kutimia. Katika dakika za majeruhi Keita akafunga tena, na kabla mashabiki wa Angola hawajatulia, Mustapha Yatabaré akasawazisha. Matokeo yakawa 4-4. Hata hivyo sare hiyo haikuiokoa Mali. Ilimaliza na pointi 4 sawa na Algeria na wastani bora wa mabao, lakini Algeria ikapita kwa kuwa iliifunga Mali 1-0 zilipokutana. Keshi akatimuliwa.

Novemba 2011 Nigeria, iliyokuwa imekosa kufuzu kwa fainali za Afrika za 2012, hatimaye ilimpa Keshi timu ya taifa. Alichokifanya kilikuwa kinyume cha mazoea. Tangu kizazi cha 1994, timu ya taifa ilikuwa mali ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya, na ligi ya ndani ilionekana kama kituo cha basi ambako mchezaji husubiri safari. Keshi alizunguka viwanja vya nyumbani, akaita kambi za wachezaji wa ligi ya Nigeria pekee, na kuwapima katika mechi za kirafiki. Safari ya kufuzu ilianzia Afrika Mashariki: sare ya 0-0 na Rwanda mjini Kigali Februari 2012, kisha ushindi wa 2-0 Calabar mwezi Juni. Liberia ikafuata, ikafungwa 6-1 katika marudiano.

Kikosi alichokitangaza kwa ajili ya fainali za 2013 nchini Afrika Kusini kilizua kelele. Wachezaji sita kati ya 23 walitoka ligi ya nyumbani, wakiwemo beki Godfrey Oboabona wa Sunshine Stars na kiungo Sunday Mba. Majina mazito kama Osaze Odemwingie, Obafemi Martins na Taye Taiwo yaliachwa. Joseph Yobo, nahodha mkongwe, alikwenda lakini akawekwa benchi, na Oboabona akapangwa kati pamoja na Kenneth Omeruo, kijana wa miaka 19. Keshi alijua fika jambo hilo linavyouma, kwa kuwa yeye mwenyewe alikalishwa hivyohivyo Tunis.

Mashindano yalianza kwa kusuasua. Burkina Faso ilisawazisha dakika za mwisho, 1-1. Zambia, bingwa mtetezi, ikapata sare nyingine ya 1-1 kwa penalti. Nigeria ilivuka kundi kwa penalti mbili za Victor Moses dhidi ya Ethiopia, na ikapangiwa Ivory Coast ya Didier Drogba na ndugu wawili Touré, timu iliyotabiriwa na karibu kila mtu kutwaa kombe. Iliripotiwa kwamba viongozi wa shirikisho walikwisha kupanga safari ya ndege ya kuirudisha timu nyumbani baada ya mechi hiyo, na habari hizo zikafika kambini. Mjini Rustenburg, Emmanuel Emenike alifunga kwa mpira wa adhabu wa mbali, Cheick Tioté akasawazisha, na dakika ya 78 Mba akakokota mpira kutoka katikati ya uwanja, akapiga shuti lililomgonga beki na kumpita kipa Boubacar Barry. Ilikuwa 2-1. Kijana wa ligi ya ndani alikuwa ameing'oa timu yenye nyota wa Ulaya kila idara. Katika nusu fainali Mali, timu ya zamani ya Keshi, ilifungwa 4-1 mjini Durban.

Fainali ilipigwa tarehe 10 Februari 2013 katika uwanja uliopo pembezoni mwa Soweto, dhidi ya Burkina Faso. Dakika ya 40 mpira ulimdondokea Mba ndani ya eneo la hatari. Aliudokoa ukapita juu ya beki, akamzunguka, akaupiga kabla haujagusa nyasi, ukaingia pembeni mwa lango. Bao hilo moja lilitosha. Karibu na filimbi ya mwisho Keshi alimwingiza Yobo, na baada ya mechi ni Yobo aliyelinyanyua kombe, nahodha asiyekuwa na nafasi ya kudumu kikosini, kama ilivyokuwa kwa Keshi mwenyewe miaka 19 kabla. Mengi yamesemwa kuhusu mbinu za Keshi, lakini kitendo hicho kimoja kinaonyesha alivyolielewa chumba cha wachezaji kuliko maelezo yoyote ya ubaoni.

Siku iliyofuata alitangaza redioni kwamba amejiuzulu. Bingwa wa Afrika alieleza kuchoshwa na jinsi waajiri wake walivyomtendea wakati wa mashindano. Alibembelezwa, akabatilisha uamuzi huo siku moja baadaye. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Keshi alicheza kwao na kushinda, na bado katika mwaka huohuo alilalamika hadharani kwamba hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Katika kipindi hicho pia alisema waziwazi kuwa baadhi ya makocha wa Kizungu huja Afrika kufuata fedha tu, na kwamba nchi za Afrika huwapa wageni subira ambayo huwanyima watoto wao. Kauli hiyo iliwaudhi wengi. Historia yake mwenyewe ilikuwa ushahidi wa kutosha.

Mchujo wa Kombe la Dunia la 2014 ulimleta tena Afrika Mashariki. Machi 2013 Kenya ilikaribia kuishangaza Nigeria huko Calabar: Francis Kahata alifunga kwa mpira wa adhabu, na bingwa mpya wa Afrika akaponea dakika za majeruhi kwa bao la Nnamdi Oduamadi, 1-1. Mwezi Juni, Kasarani jijini Nairobi, Ahmed Musa aliipa Nigeria ushindi wa 1-0. Ethiopia ndiyo iliyokuwa kikwazo cha mwisho, ikafungwa 2-1 Addis Ababa na 2-0 Calabar. Mapema mwaka 2014 Keshi aliiongoza pia timu ya wachezaji wa ndani kwenye mashindano ya CHAN, ambako ilitoka nyuma kwa 3-0 dhidi ya Morocco na kushinda 4-3, kisha ikamaliza nafasi ya 3. Shirikisho la Soka Afrika lilimtaja kuwa kocha bora wa 2013.

Nchini Brazil timu ilianza kwa sare tasa na Iran. Mechi ya pili, dhidi ya Bosnia mjini Cuiabá, iliamuliwa na bao moja la Odemwingie, yuleyule aliyeachwa mwaka uliotangulia na kulalamika hadharani. Keshi alikuwa amemrudisha, na hilo ni jambo la kumhesabia, maana makocha wengi hawasamehi. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Nigeria kwenye Kombe la Dunia tangu 1998. Baada ya kufungwa 3-2 na Argentina, mabao mawili ya Nigeria yakiwa ya Musa, timu ilivuka kundi ikiwa ya pili. Hakuna kocha wa Kiafrika aliyewahi kuifikisha timu ya Afrika hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia kabla ya siku hiyo. Ufaransa iliitoa kwa 2-0 mjini Brasília tarehe 30 Juni 2014.

Kutoka hapo mteremko ulikuwa mkali. Mkataba ulikuwa umekwisha, na Keshi alirudi kazini bila mkataba mpya wakati mchujo wa fainali za 2015 ukianza. Nigeria ilifungwa 3-2 na Congo Brazzaville nyumbani Calabar, kisha 1-0 na Sudan mjini Khartoum. Oktoba 2014 alitimuliwa siku moja baada ya kuifunga Sudan 3-1 katika marudiano, akarudishwa wiki chache baadaye kwa kuingilia kati kwa Ikulu ya Nigeria, na Novemba 19 mjini Uyo sare ya 2-2 na Afrika Kusini ikamaliza safari. Bingwa mtetezi hakufuzu. Hapa Keshi hakuwa na kisingizio cha kutosha: kikosi kilikuwa kimepoa, na baadhi ya waliomtwalia kombe walikuwa wameshuka kiwango bila kupatiwa warithi. Alipewa mkataba tena mwaka 2015, na Julai mwaka huo akaondolewa kwa mara ya mwisho.

Desemba 2015 alimpoteza mkewe, Kate, kwa saratani. Miezi sita baadaye, tarehe 8 Juni 2016, Keshi alifariki ghafla mjini Benin City, mji aliochezea ujana wake, akiwa na umri wa miaka 54. Siku mbili baadaye Shaibu Amodu, bosi wake wa kwanza katika benchi la taifa, naye akafariki katika mji huohuo. Nigeria ilizika makocha wake wawili waliowahi kuifikisha kwenye Kombe la Dunia katika msimu mmoja wa msiba.

Wenzake wa 1994 waliendeleza kazi ya ukocha kwa viwango tofauti. Samson Siasia, Augustine Eguavoen, Sunday Oliseh na Finidi George wote waliifundisha timu ya taifa kwa nyakati mbalimbali, na Amokachi alikuwa msaidizi wa Keshi katika ushindi wa 2013. Kwa msomaji wa Tanzania, wa karibu zaidi ni Emmanuel Amuneke, mfungaji wa mabao mawili ya Tunis. Mwaka 2018 alichukua Taifa Stars, na Machi 2019 ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda jijini Dar es Salaam uliirudisha Tanzania kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 39. Nchini Misri, Tanzania ilipoteza mechi zote tatu, mbele ya Senegal, Kenya na Algeria, na Amuneke akaachishwa kazi Julai. Ilikuwa hadithi ya Keshi na Togo ikisomwa upya, katika nchi ileile ya Misri.

Nje ya kizazi hicho, hata hivyo, hesabu imebadilika. Mwaka 2019 fainali ya Afrika ilikutanisha makocha wawili wazawa waliowahi kuzichezea nchi zao, Djamel Belmadi wa Algeria na Aliou Cissé wa Senegal. Belmadi alishinda, Cissé akashinda fainali iliyofuata, na Emerse Faé akaibeba Ivory Coast kutwaa kombe mapema 2024. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 timu zote tano za Afrika zilikuwa chini ya makocha wazawa, na mmoja wao, Walid Regragui, aliifikisha Morocco nusu fainali. Keshi hakuishi kuyaona hayo.

Alizikwa Illah. Katika mji jirani wa Asaba, makao makuu ya jimbo la Delta, uwanja mkubwa wa michezo unaitwa kwa jina lake, na mwaka 2018 uliandaa mashindano ya riadha ya Afrika.